Kilo kwa Kilo

3 Februari

Mdogo wangu,

Huku tu wazima, angalau kiasi cha kuweza kugombana. Shemeji yako bado anashona, mgongo unamsumbua na hataki kusikia habari ya daktari. Mpwa wako wa mwisho ameingia darasa la mtihani na anajiona ameshamaliza dunia. Wifi yangu hajambo? Watoto wasalimie. Waambie shangazi yao anauliza ni nani aliyemfundisha baba yao kuandika barua, maana ya mwisho niliyoipata ilikuwa na mistari minne, na mmoja ulikuwa tarehe.

Sasa nisikilize. Kiwandani tumeletewa msimamizi mpya. Tumempa jina la Kalamu kwa sababu anatembea na kalamu tatu mfukoni na hatujaona hata moja ikiandika. Jana imeandika. Amebandika tangazo mlangoni kwamba kuanzia Januari ijayo hakuna atakayegusa dawa za kutengenezea sabuni bila cheti cha sekondari chenye ufaulu wa kemia. Asiye nacho ataenda kufungasha. Nimechanganya sabuni pale miaka ishirini na miwili. Waliokuja na vyeti nimewafundisha mimi jinsi ya kumimina bila kujimwagia usoni. Leo niende nikabandike karatasi kwenye mitungi!

Damu inanichemka, lakini nimeshajiandikisha kama mtahiniwa wa nje. Mtihani ni Novemba. Nimeazima kitabu cha mpwa wako, ananicheka mpaka anajishika mbavu. Nimefika kwenye hesabu za uwiano wa kemikali, ile stoikiometria, hapo nimekwama. Swali hili hapa: magnesi gramu 12 inaungua, inahitaji oksijeni gramu ngapi? Mlinganyo ni 2Mg + O2 → 2MgO. Mimi nimesoma hivi: makopo mawili ya magnesi kwa kopo moja la oksijeni, kama tunavyochanganya kazini. Kwa hiyo kwa gramu 12, ni gramu 6. Kitabu kinakataa.

Wewe ni mwalimu wa kemia mwaka wa kumi na nane huu. Nifundishe. Na usiniambie nipige simu. Nimepiga mara mbili, mara zote ulikuwa kikaoni.

Dada yako

26 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Wifi yako anakusalimu, watoto wanakuamkia. Mdogo alikuwa na homa lakini sasa anakimbia. Shule zimefunguliwa na nina madarasa matano, kila moja lina watu sitini.

Jibu la gramu 6 si sahihi. Ni gramu 8. Kosa lako ni la kawaida kwa wanaoanza. Fuata hatua tatu:
Kwanza, gawanya gramu ulizopewa kwa uzito wa moli. 12 gawanya kwa 24 ni nusu moli.
Pili, tumia uwiano wa mlinganyo. Mbili kwa moja, kwa hiyo robo moli ya oksijeni.
Tatu, zidisha kwa uzito wa moli wa oksijeni, ambao ni 32. Unapata 8.

Kariri hatua hizi. Nimeambatanisha maswali ishirini. Andika kwa unadhifu na uonyeshe njia.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Shemeji yako amekwenda kwa daktari hatimaye. Ameambiwa asiiname. Fundi cherehani asiyeinama! Amerudi amenuna kama mtoto aliyenyimwa sukari. Nashukuru mdogo amepona.

Maswali ishirini nimefanya, nimepata kumi na moja. Sitakuonyesha njia kwa sababu siioni. “Kariri hatua hizi.” Yaani mimi, mtu mzima, nimekuuliza kwa nini kopo moja si kopo moja, wewe unaniambia kariri? Kazini mtu akiniuliza kwa nini tunamimina dawa kwenye maji na si maji kwenye dawa, simwambii akariri. Namwambia maji yakitangulia chini yanaipokea, yakija juu yanaruka na kukuunguza. Akishajua hivyo hasahau mpaka anakufa.

Nakuuliza tena, na unijibu kama unamjibu mtu. Ile namba ya mbele inahesabu nini? Kwa nini mbili kwa moja isiwe uzito?

Na hilo neno lako, “wanaoanza”, nimelisoma mara tatu. Mimi siyo ninayeanza. Nilikuwa madarasa mawili mbele yako, na daftari ulilosomea kemia lilikuwa langu. Nilikaa nyumbani kumuuguza mama kwa sababu mtu alitakiwa kukaa, na sijawahi kukunung’unikia. Kinachoniuma mpaka leo ni kitu kimoja. Nilipotoka pale shuleni hakuna aliyeuliza nimekwenda wapi. Hata Mwalimu Moshi, aliyekuwa akiniita mbele niwafanyie wengine hesabu, hakuuliza. Nilifutika kama chaki.

Basi. Nijibu swali langu.

Dada yako

2 Mei

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani ya nusu muhula, halafu vikao. Huku hatujambo. Mvua imetuharibia uzio.

Namba ya mbele inahesabu moli. Moli ni kipimo cha idadi ya chembe. Ndivyo ilivyokubaliwa na ndivyo mtihani unavyotaka. Wanafunzi wangu wengi wanafaulu bila kuingia ndani zaidi ya hapo.

Kuhusu Mwalimu Moshi, alishafariki. Tuwaache waliotangulia wapumzike. Mambo ya zamani hayatakusaidia Novemba.

Maswali mengine kumi nimeweka.

Mdogo wako

20 Mei

Mdogo wangu,

Wiki saba za kungoja, na nilichopata ni “ndivyo ilivyokubaliwa”. Salamu nitaweka mwishoni leo, zikisalia.

Nimepata jibu mwenyewe. Nimelipata stoo, hukunipa wewe. Mtunza stoo wetu hahesabu vifuniko vya mitungi, maana atazeeka. Anavipima kwenye mizani. Mtungi mtupu una gramu 50, kifuniko kina gramu 5. Wiki iliyopita alikuwa mgonjwa, akakaa pale mtu mwingine, mgeni wa kazi. Wafungashaji walipoomba mitungi kilo kumi na vifuniko vyake, yeye akapima mitungi kilo kumi na vifuniko kilo kumi. Vifuniko vikajaa meza vikamwagika mpaka mlangoni! Wenzangu walicheka. Mimi nilisimama pale na ndoo mkononi kama niliyepigwa kofi.

Kilo ya vifuniko haifuniki kilo ya mitungi! Kila mtungi unataka kifuniko kimoja, kichwa kwa kichwa, lakini kichwa cha huyu ni kizito na cha yule ni chepesi. Mizani inapima uzito, mlinganyo unahesabu vichwa. Moli ni namna ya kuhesabu vichwa kwa kutumia mizani, basi! Magnesi mbili zina 48, oksijeni ile pacha ina 32. Kumi na mbili ni robo ya arobaini na nane. Robo ya thelathini na mbili ni nane. Nilifanya pale pale, juu ya boksi, bila hatua zako tatu.

Maswali yako kumi nimepata yote kumi.

Sasa nataka kujua. Miaka kumi na minane unafundisha, hukuwahi kujua hili, au ulijua ukaona mimi wa kunitosha ni kukariri?

Wasalimie. Zimesalia kidogo.

Dada yako

30 Juni

Dada,

Shikamoo. Wifi yako anasema barua zako ziwekwe mbali na jiko zisije zikawasha moto. Anacheka lakini amekupa haki. Mgongo wa shemeji umekuwaje?

Nitasema kweli. Sikuwa najua kulieleza. Nilikuwa najua kulifanya. Nilikariri na mimi, kutoka kwa aliyekariri, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza mara mbili. Nilipoona swali lako liko palepale nilikasirika, na nikikasirika huwa nachelewa kujibu.

Nimeutumia mfano wa vifuniko darasani. Kwa mara ya kwanza watu wa nyuma walinyanyua mikono. Mkaguzi alikuwepo siku ile na ameandika kwamba ninafundisha kwa ubunifu.

Mdogo wako

14 Julai

Mdogo wangu,

Mgongo wa shemeji yako uko vilevile. Ameinua meza ya cherehani kwa matofali, sasa anashona amesimama na anajisifu kwa wateja.

Uliwaambia mfano ule ni wa nani? Usijibu, najua. Umepigiwa makofi kwa vifuniko vyangu na ukavaa miwani ya mbao ukanisimulia mwenyewe. Tutalizungumza siku nyingine, leo nina moto mkubwa zaidi.

Potashi imeadimika. Ile sabuni laini ya mitungi tuliyokuwa tunaitengeneza kwa potashi imesimamishwa, tunaanza sabuni ya vipande kwa kostiki soda. Ni sawa, dawa zote mbili zinageuza mafuta kuwa sabuni. Lakini Kalamu ameandika ubaoni: palipokuwa na potashi kilo 28, weka soda kilo 28. Kilo kwa kilo! Mtu ana cheti, ana kalamu tatu, na anafanya kosa la yule mgeni wa stoo.

Nimepiga hesabu. Chembe ya potashi ina 56: potasiamu 39, oksijeni 16, haidrojeni 1. Ya soda ina 40, kwa sababu sodiamu ni 23. Mafuta yanahesabu vichwa. Kwa hiyo 28 za potashi ni sawa na 20 za soda. Kilo nane zitakazozidi hazitakuwa na mafuta ya kugeuza, zitabaki ndani ya sabuni zikingoja ngozi ya mtu. Nimemwonyesha. Ameshika karatasi kwa ncha za vidole, akasema, “Mama, hesabu hizi tutazijadili ukileta cheti.” Mbele ya watu!

Ninachotaka kwako ni mstari mmoja. Andika kwenye karatasi ya shule: hesabu hii ni sahihi. Weka jina lako na mhuri. Hesabu yenyewe nimeifunga humu. Wanaanza kupika mwezi ujao, kwa hiyo usije ukakasirika ukachelewa.

Dada yako

25 Agosti

Dada,

Shikamoo. Hatujambo.

Hesabu yako ni sahihi. Nimeirudia mara tatu.

Lakini kuweka mhuri siwezi. Mhuri ni wa shule, mkuu wa shule hapendi tujiingize kwenye magomvi ya viwanda, na mimi jina langu liko kwenye orodha ya kupandishwa cheo mwaka huu. Jaribu kunielewa. Usibishane na msimamizi wako. Imebaki miezi miwili na kidogo tu. Jikaze kisabuni, ufaulu, halafu useme ukiwa na cheti mkononi.

Narudisha karatasi yako.

Mdogo wako

9 Septemba

Wewe,

Mwandiko huu mbaya ni wangu, usidhani nimemtuma mtoto.

Barua yako imefika wiki mbili baada ya sufuria la kwanza. Nilikataa kumimina. Nilisimama mbele ya pipa, nikamwambia Kalamu amimine mwenyewe. Hakumimina, watu wa namna hiyo hawamimini. Alimwita mwingine, na mimi nikahamishiwa kufungasha siku hiyohiyo. Sabuni ikatoka, nyeupe na nzuri ya kutazama. Ikaletwa mezani kwetu tuifungashe. Glavu zilikuwa chumba cha kuchanganyia, wafungashaji huwa hawapewi.

Wanawake tisa, na mimi wa kumi. Kufika jioni vidole vilikuwa vinateleza kama vimepakwa mafuta, asubuhi ngozi ikaanza kutoka. Mmoja ana mtoto anayenyonya, sasa hawezi hata kumwogesha. Mimi nashika kalamu kwa vidole viwili.

Unasema niseme nikiwa na cheti. Wewe unacho. Unacho cheti, na mhuri, na hesabu uliirudia mara tatu. Umesema nini?

Sijui nilimkosea nani mpaka kila mwenye karatasi awe anajua ninachojua mimi na anyamaze. Usinitumie maswali tena, nitayatunga mwenyewe.

28 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Najua hukutaka barua. Wifi yako ndiye aliyesema, kama siandiki hii, nisimwandikie mtu yeyote tena.

Nimepeleka hesabu yako kwa mwenye kiwanda, kwa jina langu na mhuri. Mkuu wa shule ameniita ofisini na cheo nimekikosa. Sikuambii ili unishukuru. Ilitakiwa ifike Julai.

Kuna jambo jingine. Mwezi wa tatu uliniandikia kwamba hakuna aliyeuliza ulikokwenda. Ndiyo maana nilinyamaza wiki saba, wala si vikao wala hasira.

Mwalimu Moshi aliuliza. Wiki ya pili baada ya wewe kuondoka alinipa barua niipeleke nyumbani. Niliifungua nyuma ya karakana nikaisoma. Aliandika kwamba wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza katika kemia, na kwamba shule imekubali usome nyumbani, uje Jumamosi tu, halafu ufanye mtihani na wenzako. Alitaka saini ya mama, na mtu wa kukupokea zamu ya kumuuguza siku hiyo moja.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tano na Jumamosi ilikuwa siku ya mpira.

Niliichana. Mwalimu aliponiuliza, nikamwambia, “Dada amesema hataki.” Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

Kila mwaka nilisema nitakwambia mwaka unaofuata. Halafu nikawa mwalimu, na nikawa nafundisha kitu hichohicho, ikawa ndiyo haisemeki kabisa.

Najua mtihani ni wiki ijayo. Nisamehe na hilo pia.

Mdogo wako

19 Januari

Mdogo wangu,

Shemeji yako hajambo, anashona amesimama. Mikono yangu imepona isipokuwa kidole cha pete, hakihisi joto. Yule mama mwenye mtoto amepona.

Ubaoni kiwandani pameandikwa 20. Hakuna aliyeniambia lolote. Sabuni mbovu ilirudishwa sufuriani ikaongezewa mafuta, na Kalamu akawatangazia watu kwamba mizani ilikuwa mbovu.

Matokeo ya mtihani yametoka jana. Nimepata alama ya juu kabisa. Mpwa wako amepata ya pili na hacheki tena. Jumatatu narudi chumba cha kuchanganyia. Sharti nililowapa ni glavu kwa wafungashaji wote, na wamezileta.

Barua yako nimeisoma. Umechagua wiki nzuri kweli ya kuituma! Miaka ishirini na saba nimekuwa nikijiambia kwamba labda sikuwa na akili nilizodhani ninazo, maana ningekuwa nazo, mtu angeuliza. Nilijishusha mwenyewe kwa ajili ya mchezo wako wa mpira. Na kukichana kile kikaratasi ningeweza kukuelewa, ulikuwa mtoto. Ila ulimwambia kwamba nimekataa. Hata “sitaki” yangu ulinisemea, na yule mzee amekufa akiamini ni yangu.

Mwaka huu usije kwangu. Wifi na watoto waje, kitanda kipo. Wewe nitakuita mwenyewe, sijui lini. Usinihesabie siku.

Ila kitu kimoja nataka ukijue, maana sina mwingine atakayekielewa. Mtihani wa kemia ulikuwa wa saa tatu. Nilimaliza ikiwa imebaki nusu saa. Nilirudia majibu yangu yote, sikuona cha kurekebisha. Nikaweka kalamu chini, nikawaangalia wale watoto walioinama kila upande wangu, na machozi yakaanza kunitoka, nikashindwa kuyazuia. Msimamizi wa chumba alikuja taratibu, akaniinamia, akasema, “Pole mama. Usijali, watu wazima wengi maswali haya huwa yanawashinda. Mwakani utajaribu tena.”

Nikamwambia hayajanishinda. Nalia kwa sababu ni rahisi.

Dada yako